‘Huo unga mpeni mbwa’

“Huo unga umeharibika, mpeni mbwa.” Maneno hayo husemwa katika nyumba nyingi bila mtu yeyote kushtuka, maana chakula hakitupwi hivi hivi, na mbwa hana mdomo wa kulalamika.

Huko Goba, Dar es Salaam, yalisemwa na baba wa watoto watatu, siku ambayo mwanawe wa darasa la nne aliomba kumpikia biskuti mbwa wao, Popi. Likizo ilikuwa ndefu na mama alikuwa anatafuta chochote cha kumtoa kijana kwenye simu. Stoo kulikuwa na kiroba cha dona kilichopigwa na unyevu wakati wa masika. Unga umeanza kugandamana na kunuka uvundo. Aliyekataa ni bibi, mgeni kutoka Dodoma.

“Hapana, baba,” alimwambia mwanawe. “Sisi mwaka ule tulizika watu kwa mahindi.”

Alikuwa anazungumzia mwaka 2016, sumukuvu ilipowapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuwaua 20. Miaka 12 kabla yake, nchini Kenya, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125.

Sumukuvu hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri au zimewekwa penye unyevu. Hushambulia ini. Moto wa jikoni hauiondoi, hata ugali uive namna gani. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka: hukataa chakula, hutapika, hulegea, macho na fizi huwa njano. Lakini hata asiyejali mbwa alikuwa na sababu ya kushtuka siku ile. Kiroba cha Popi kilisimama pembeni ya ndoo ya unga wa uji wa mtoto mdogo, na mahindi yote yalitoka gunia moja.

Vyote viwili vilifukiwa nyuma ya nyumba, kwenye shimo refu, kuku wasije wakafukua. Baba alinuna mpaka jioni. Bei ya unga kila mtu anaijua.

Biskuti zilipikwa kesho yake. Kikombe cha dagaa wasio na chumvi, waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa, kiazi kitamu kimoja kilichochemshwa na kupondwa, yai, vikombe viwili vya unga wa ngano, maji kidogo kidogo mpaka donge likaze. Lilisukumwa kama chapati, likakatwa vipande vidogo kwa kizibo cha soda, vikaokwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo wa mkaa, na makaa mengine juu ya mfuniko, mpaka vikawa vikavu na vigumu. Chumvi hakuna, sukari hakuna. Baba alichovya kimoja kwenye chai na kuuliza nani amesahau sukari.

Kijana alitaka sana kuongeza kitunguu, kwa sababu kila mboga ya mama huanza na kitunguu. Hapo alizuiwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuchoka, fizi kupauka, mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia. Kwa hiyo ule mchuzi uliobaki, ambao karibu kila nyumba humwagia mbwa, si zawadi. Chokoleti na zabibu kavu nazo hazimfai. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa utumbo.

Popi alipewa vipande vitatu tu. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku. Kijana alifundishwa kuvitoa kwa kiganja kilichonyooshwa, kunawa kwa sabuni, na kutomsogelea mbwa akiwa anakula bakulini.

Wiki iliyofuata Popi, ambaye siku zote hukimbia akiona kamba, alisimama mwenyewe afungwe, macho kwenye kopo. Wakampeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo muda wake ulikuwa umepita kwa miezi miwili.