Baridi ya Gitting na Maji ya Rejeta

Kazi yangu ya kwanza kwenye gari ilikuwa kushika dumu. Mwaka ni 1984, nina miaka 10, na mjomba anaendesha Land Rover 109 inayobeba watu, mahindi na mbuzi kati ya Gitting na Katesh. Babati ilikuwa bado haijamegwa kutoka Wilaya ya Hanang, ilimegwa mwaka uliofuata. Mkoa wa Manyara wenyewe tulikuja kuupata 2002. Utingo alikaa juu ya magunia. Mimi nilikaa mbele, nimebanwa kati ya mlango na mama mwenye kuku, dumu la lita 5 katikati ya magoti.

Mshale wa joto ulikuwa umekufa siku nyingi, kwa hiyo mjomba alitumia masikio na pua. Tukiwa katikati ya mlima angesikia injini inaanza kugugumia, akavuta hewa kidogo, akanigeukia: "Mjomba, maji." Aliniita mjomba kama mimi nilivyomwita. Gari linasimama, jiwe linawekwa nyuma ya tairi, abiria wanashuka bila kuambiwa. Hakuna aliyelalamika. "Limechoka," walisema, kama wanavyosema juu ya punda. Wengine walijilaza kwenye nyasi, wengine wakaanza kupatana bei ya kuku palepale. Wazee wa Kibarbaig walijifunika shuka zao na kuutazama ule mvuke kwa macho ya watu ambao ng'ombe wao hawajawahi kuchemka.

Rejeta ile haikuwa na kifuniko. Kilipotea, na miaka hiyo ya msako wa wahujumu uchumi vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari nayo ilikuwa haionekani. Mjomba alikata kipande cha tyubu ya tairi, akakigandamiza kwenye mdomo wa rejeta, akakifunga kwa waya. Ikivuja chini, anapasua yai na kumimina ute wake ndani. Ute ukikutana na joto unaganda na kuziba tundu, angalau hadi Katesh. Mkewe alikuwa na hesabu yake kamili ya mayai yaliyoliwa na Land Rover. Maji yenyewe tulichota popote: kijitoni, bombani, kwenye dimbwi walilonywea ng'ombe. Nilivijua vijito vyote vya njia ile kabla sijalijua jedwali la 7.

Kitu tofauti nilikiona siku moja jirani yetu aliporudi kutoka kazini. Alikuwa kibarua karakana, kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, yale ya NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. (Wabarbaig wana habari nyingine kabisa ya mashamba yale. Malisho yao yalichukuliwa, wakaenda mahakamani. Hiyo inahitaji makala yake.) Alikuja na chupa ya maji ya kijani, mazuri kama soda. Akatueleza kwamba Wazungu huyaweka kwenye trakta kwa sababu kwao maji huganda yakawa barafu ndani ya injini, ikapasuka.

"Sasa hapa barafu iko wapi?" mjomba akamuuliza, tukacheka wote.

Basi kesi ikawa imekwisha. Maji yale, yaani kulanti, ni dawa ya theluji. Gitting tuna baridi na ukungu wa Juni na Julai, theluji hatuna. Kwa hiyo haituhusu. Na tena baridi yetu ni feni ya bure. Nililibeba wazo hilo karibu miaka 30, na aibu yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa fizikia.

Darasani nilifundisha kwamba maji huchemka mapema kadiri unavyopanda juu, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi hatuko mbali na hapo, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mama hakusoma fizikia, lakini kila aliporudi kutoka kwa dada yake Babati alisema maharage ya kule huiva upesi kuliko ya kwetu kwa kuni zilezile. Nilimweleza sababu kwa majivuno. Sikuwahi kuvuka kutoka sufuria ya mama hadi rejeta ya mjomba. Injini hupenda kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Mjomba, na kile kipande chake cha tyubu, alikuwa anapika maharage bila mfuniko. Kifuniko halisi cha rejeta, kile chenye springi na namba 0.9 au 1.1 juu yake, hushikilia mgandamizo ndani hadi maji yavuke nyuzi 110 bila kuchemka, hata huku kwetu mlimani. Baridi ya nje haina la kufanya hapo.

Mwaka 2013 nilinunua Corolla iliyotumika Japani. Lami ilikuwa imeshafika Katesh, zile kilomita 75 hivi kutoka Babati ambazo zamani zilikula nusu siku na mgongo wako sasa ni mwendo wa stori mbili tatu. Gari lilikuja na kulanti ya rangi ya waridi. Sikujua. Fundi mmoja aliyekuwa ananibadilishia mikanda aliimwaga yote chini, akaweka maji ya kisima, kisha akachomoa kidude cha shaba na springi kutoka ubavuni mwa injini, akanionyesha kiganjani.

"Mwalimu, hii themostati ni ya huko Ulaya. Huku inakaba maji bure."

Nilimshukuru, nikamwongezea hela ya soda. Na kweli mshale haukupanda tena. Ulilala chini hata baada ya safari ndefu. Nilidhani ni afya. Kumbe injini haikuwa inapata moto wake. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi yafike nyuzi 82 hivi, ndipo inafungua. Isipokuwepo, asubuhi za Julai injini inakimbia ikiwa baridi, inakunywa petroli kama mgonjwa wa sukari anavyokunywa maji, na hita inakupulizia ubaridi wa mochwari. Yote hayo yalinipata na sikuuliza.

Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye maji yenyewe. Huku tuko kwenye ardhi ya volkano, na maji ya visima vingi yana chumvichumvi zake. Floridi iliyotuchoma meno rangi ya kahawia haihitaji maabara kuonekana, tabasamu tu linatosha. Birika la nyumbani lina ukoko mweupe ndani. Sasa fikiria mirija ya rejeta, myembamba kuliko penseli iliyobanwa, ikipitishiwa maji hayo miaka mitatu, kila yakipungua unaongeza mengine.

Gari lilichemka nikiwa na magunia matatu ya viazi. Mshale uliruka kutoka chini hadi juu kama ulioumwa na nyuki, moshi mweupe ukatoka nyuma, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili kilikuja na kitu mfano wa chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Mshahara wa miezi miwili ukaenda. Fundi wa rejeta, mwingine huyu, mzee mpole, alikunjua meno ya tanki la juu akanionyesha mirija: zaidi ya nusu ilikuwa imeziba kwa ukoko na kutu. "Hii haikufa kwa joto, mwalimu," alisema. "Imekufa kwa maji."

Tangu hapo kazi hii naifanya mwenyewe uani. Nasubiri injini ipoe kabisa, usiku mzima ikibidi, maana mvuke wa rejeta hauna msamaha. Namjua kijana aliyebaki na makovu usoni. Nafungua kifuniko, kisha kile kifundo cheupe cha plastiki chini ya rejeta, beseni likiwa tayari. Mara ya kwanza kilitoka kitu cha rangi ya chai kavu, na harufu ya misumari. Nikajaza maji ya mvua niliyokinga kwenye bati, nikawasha injini hadi mpira wa juu ukapata moto, nikazima, nikasubiri, nikamwaga. Mara nne. Ya nne ndiyo iliyotoka safi. Themostati mpya ilishakaa mahali pake.

Kulanti naitazama kwanza. Kuna madumu yenye maji ya rangi tu. Ile yenyewe ukiisugua kati ya vidole inateleza, haikauki haraka kama maji, halafu unanawa. Kama ni nzito, nachanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi. Kama imeshachanganywa kiwandani, naimimina hivyohivyo, polepole, kifuniko kikiwa wazi, hita imefunguliwa mwisho, huku nikiminyaminya mpira wa juu. Mapovu hupanda yakipumua kama mtoto anayecheua. Kisha nawasha injini, nasubiri feni iwake na kuzima mara mbili ndipo nafunga. Mahesabu yangu ni rahisi: lita zilizotoka na zilizoingia zilingane, la sivyo kuna hewa imejificha. Kwa Toyota, ile nyekundu ya zamani hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ya waridi hudumu zaidi, kilomita 160,000 ya kwanza, kisha kila 80,000. Rangi peke yake si cheti, kwa hiyo nasoma maandishi ya dumu na sichanganyi aina mbili.

Mjomba alikuja kunitazama siku moja, mkongojo mkononi. Aliangalia kazi nzima bila neno, akauliza kulanti ile inadumu muda gani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa: "Sasa mtoto atashika nini?"

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Kulanti iliyotumika siimwagi kwenye mahindi wala mferejini. Ina ethilini glaikoli, sumu yenye utamu. Mbwa huilamba kwa hamu, figo zikafa, na mtoto mdogo naye hataona tofauti na juisi. Madumu matatu yako stoo, yamefungwa na kuandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Katesh nimeuliza gereji tatu, wote wakanionyesha mtaro. Kama unajua panapopokelewa vitu hivi, Babati au hata Arusha, niambie. Nauli nitalipa mwenyewe.