Hasi 30

Joto la Dar mwezi wa pili mnalijua. Chumbani kwetu hosteli tuko wanne, feni moja, na usiku hiyo feni nilikuwa naigeuzia kompyuta yangu. Ugomvi ulianzia hapo.

Kompyuta yenyewe niliiunga kwa hela ya bumu: prosesa ya mtumba, Ryzen 5 5600, juu ya mazabodi ya B450 ya bei chee kutoka Kariakoo. Gemu likifika dakika ya 20, prosesa inagonga nyuzi 90, ndio ukomo wake, inapunguza kasi ili isiungue. Fremu 90 zinakuwa 60, mpira unakwama golini. Wenzangu wanalala na jasho.

Hela ya kupozea kikubwa sikuwa nayo, nikajifunza kupunguza volteji. Hesabu yake ni ya darasani kabisa: nguvu inayoliwa na chipu inafuata mraba wa volteji. Punguza volteji kwa asilimia 10, kasi ibaki ile ile, nguvu inashuka kwa karibu asilimia 19. Kiwandani chipu hupewa volteji ya akiba ili hata iliyo dhaifu ifanye kazi. Nafuu iko humo, na mazabodi ya bei chee nayo inapumua.

Nikaingia kwenye bayosi, sehemu ya Curve Optimizer, nikaweka hasi 30. Ndio mwisho wa kipimo. Wanaojua wanashuka tano tano huku wakijaribu, mimi niliruka. Nikacheza saa mbili: nyuzi 76, fremu hazitetereki. Nikawarudishia wenzangu feni, nikatamba chumba kizima.

Siku ya tatu rumeti akaniomba aandikie ripoti yake ya utafiti. Kazi nyepesi, anachapa tu. Saa nane usiku skrini ikawa nyeusi, kompyuta ikajiwasha upya. Kurasa 11, na hakuwa amesevu.

Hakunitukana. Alisema tu, "Poa mwanangu," akaanza ukurasa wa kwanza. Bora angenitukana.

Mimi nilidhani kipimo ni gemu. Kumbe kwenye gemu kori zote 6 ziko kazini, joto linabana kasi. Kazi ikiwa nyepesi ndipo kori moja inaporuka hadi gigahezi 4.4, na hapo ule umeme nilioupunja hautoshi. Mashine iliyovumilia gemu saa mbili ikaangushwa na mtu anayechapa.

Nikarudi hasi 15. Safari hii nilijaribu siku mbili nzima: gemu, kuchapa, kuiacha inawaka bila kazi. Haikuzima. Sasa inafika nyuzi 81, na gemu bado tamu. Nyuzi 5 nilizozirudisha nimeziita za rumeti.

Ile ripoti tuliimalizia pamoja, yeye akisoma kutoka kwenye daftari, mimi nikichapa na kusevu kila aya. Feni ilikuwa imemwelekea yeye.