Fremu Mbili za Uso Wenye Hofu

Nimekuwa kimya, kazi zimenizonga.

Leo nataka tuzungumzie picha usiyoiona. Mwaka 1998 mtafiti Paul Whalen na wenzake kule Marekani waliwaonyesha watu uso wenye hofu kwa milisekunde 33 tu, kisha papo hapo uso usio na hisia ukaufunika. Waliulizwa, wengi wao wakasema waliona nyuso za kawaida tu. Lakini amigdala, kile kisehemu kidogo cha ubongo kinachonusa hatari, iliitikia zaidi kuliko ilipofichwa sura ya furaha. Skrini ya kawaida huchora fremu 60 kwa sekunde, kwa hivyo milisekunde 33 ni fremu mbili! Nikaandika programu fupi nijipime. Nilijua kabisa uso umefichwa humo, na bado sikuuona.

Kwa nini nachimba haya? Juzi tulikuwa tukitafuta mwanaprogramu. Msichana mmoja aliwapita wote kwenye mtihani, lakini mwenzetu akampinga: eti sayansi imethibitisha ubongo wa mwanamke hutikiswa na hisia hata kwa picha asizoziona, atawezaje kazi ya presha? Nilimwuliza amesoma wapi. Hakuwa na jibu. Tukapiga kura, msichana akapita kwa kura moja. Moja tu, jamani.

Utafiti wa tofauti za kijinsia upo. Mwaka 2004 Larry Cahill na wenzake waliona kwamba kukumbuka picha za kuhuzunisha kuliendana na amigdala ya kulia kwa wanaume na ya kushoto kwa wanawake. Kulia, kushoto. Hapo presha ya kazi imeingilia wapi?

Tena picha za ubongo hutoka kwenye programu, na programu naijua. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walizipima SPM, FSL na AFNI, wakakuta baadhi ya njia zake zinaweza kuona kitu pasipo na kitu hadi asilimia 70, badala ya 5. Ndani ya AFNI kulikuwa na kosa lililokaa miaka 15. Naye Lise Eliot, mwaka 2021, alipitia tafiti za miongo mitatu: ukishatoa ukubwa wa ubongo, jinsia hueleza kama asilimia 1 ya tofauti zilizobaki.

Ile programu yangu ni mistari michache tu, kaijaribuni wenyewe. Mwenye skrini ya fremu 120 abadilishe mbili ziwe nne.