Kipimo Nacho ni Lugha: Tafakuri Juu ya Upimaji wa Kasi ya Programu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba daftari lisilosomeka nalo halina tofauti kubwa na lile lisiloandikwa. Ukweli huu hudhihirika wataalamu wa tarakilishi wanapopima kasi ya programu. Mashine huhesabu muda kwa uaminifu, lakini anayechagua kipimo cha kuutangazia ni binadamu, na katika uchaguzi huo ndimo msomaji huelimishwa au hupotoshwa.

Chukulia mpimaji anayelinganisha njia mbili za kutafuta jina katika orodha. Akiandika kuwa ya kwanza ilitumia sekunde 0.00000082 na ya pili sekunde 0.0000034, hajasema uongo. Hata hivyo, msomaji atalazimika kuzihesabu sifuri kwa ncha ya kidole. Akiiachia programu ijichagulie kipimo katika kila mstari, jedwali litaonyesha nanosekunde 820 juu ya mikrosekunde 3.4. Jicho hukimbilia 820 na kuiona kubwa, ilhali mikrosekunde moja ni nanosekunde elfu moja. Njia ya pili ndiyo inayokawia, tena mara nne zaidi. Safu nzima ikipewa kipimo kimoja, yaani nanosekunde 820 na nanosekunde 3,400, utata huo huondoka.

Wapo pia wanaoandika nanosekunde 820.4173, ilhali wakirudia jaribio lilo hilo hupata 805, kisha 836. Tarakimu zinazofuata nukta huwa ni mapambo tu. Heri kuandika 820 na kueleza matokeo yalivyopanda na kushuka.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kuchagua baina ya idadi na muda. Programu moja ilikuwa ikitekeleza kazi 10 kwa sekunde, ikaboreshwa hadi 20. Nyingine ikatoka 50 hadi 100. Nyongeza ya 50 huvutia kuliko ya 10. Lakini ukitazama muda wa kila kazi, ya kwanza imeshuka kutoka milisekunde 100 hadi 50, na ya pili kutoka 20 hadi 10. Anayesubiri jibu amepunguziwa milisekunde 50 katika programu ya kwanza, na 10 tu katika ya pili. Anayetaka kujua wateja wangapi watahudumiwa hufaidika na idadi; anayesubiri hufaidika na muda. Mwenye fedha za kuboresha programu moja pekee anaweza kuzitumia pasipofaa kwa kusoma kipimo kisichojibu swali lake.

Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyefariki mwaka 1992, alilitambua hitaji la msomaji. Aliwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vya takriban sentimita 30, umbali ambao mwanga husafiri kwa nanosekunde moja. Mswahili aliyezoea shibiri na dhiraa angeukadiria waya huo papo hapo: umezidi shibiri, haujafika dhiraa.

Basi mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kuwa majedwali ya namna hii ni milki ya wahandisi peke yao. Swali la nani anasoma, na anataka kuamua nini, ni lile lile analoulizwa kila siku katika somo la mitindo. Anayeitafsiri ripoti ya upimaji kwa Kiswahili aanze na swali hilo kabla ya kutafuta istilahi.