Malipo Yamefutwa na Nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shuleni tulifundishwa methali hii kama ushauri kwa wenye maduka: andika kilichoingia, andika kilichotoka. Siku hizi daftari la duka, la zahanati na la chama cha akiba limehamia ndani ya kompyuta, na nyuma yake kuna daftari la pili ambalo watu wengi hawajui kuwa lipo. Hilo ni daftari ambalo programu yenyewe huandika kuhusu mambo inayoyafanya: nani ameingia, ameomba nini, saa ngapi, na ombi lake liliishia wapi.

Katika Kiswahili wengi huliita kumbukumbu za mfumo. Mimi napenda neno la zamani la pwani, batli, yaani daftari la nahodha la kuandikia mambo ya safari. Hata Waingereza walilipata jina lao baharini. Mabaharia wao walifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo, wakakitupa majini na kuhesabu mafundo yaliyopita mikononi ili kujua mwendo wa chombo. Hesabu hiyo iliandikwa katika kitabu, na kitabu kikachukua jina la ubao. Basi neno batli halikosi haki ya kuingia kwenye seva.

Jambo hili si la mafundi wa mbali. OpenMRS, programu ya kutunza taarifa za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanyika Eldoret nchini Kenya, imeandikwa kwa Java, na UgandaEMR inayotumika katika vituo vya afya vya hapa kwetu imejengwa juu yake. DHIS2, inayokusanya takwimu za afya Uganda, Kenya na Tanzania, nayo ni ya Java. Vyama vingi vidogo vya akiba na mikopo hutumia programu za aina hiyohiyo zilizotengenezwa na vijana wa mjini. Mtu anapokana kwamba alifanya jambo ndani ya programu kama hizo, shahidi anayeitwa kwanza ni batli.

Nililifahamu hili kwa sababu ya senga wangu. Alikuwa keshia katika chama kimoja cha akiba hapa Makindye, upande wa barabara ya Salaama. Mwanachama mmoja alikuja na risiti ya malipo ya mkopo, shilingi 480,000, lakini kwenye kompyuta malipo hayo hayakuwapo. Risiti ilikuwa na jina la senga. Kamati ilimwomba aliyetengeneza programu aangalie, naye akaleta karatasi yenye mstari mmoja kutoka kwenye seva: ombi la kufuta malipo lilipokelewa saa 15:42 siku ileile. Saa 15:42 ni saa tisa na dakika 42 alasiri, na wakati huo senga alikuwa peke yake kaunta. Wakaanza kumkata mshahara.

“Mwanangu,” aliniambia, “mashine imesema ni mimi. Nitabishana vipi na mashine?”

Nasoma Kiswahili, si kompyuta, lakini ninakaa chumba kimoja na mwanafunzi wa kompyuta. Tuliiomba ile karatasi tukaisoma pamoja, neno kwa neno, kama darasani tunavyosoma matini. Mstari ule ulikuwa umeandikwa na Tomcat, seva inayoendesha programu nyingi za Java za wavuti. Kwa kawaida mstari wa aina hiyo huwa na anwani ya aliyeomba, jina la mtumiaji, tarehe na saa, ombi lenyewe, namba ya jibu na ukubwa wa jibu. Mashine haikuwa imesema ni senga. Mahali pa jina la mtumiaji palikuwa na kistari tu, kwa sababu programu ilikuwa na mlango wake yenyewe wa kuingilia na Tomcat haikuambiwa aliyeingia ni nani. Anwani nayo ilikuwa ya intaneti ya ofisi nzima. Seva ilikuwa ya kukodi, iko nje ya jengo, na kwake kompyuta zote za ofisi zilionekana kuwa moja.

Kisha mwenzangu akaweka kidole mwisho wa saa. Palikuwa na alama ambazo kamati haikuzisoma: +0000. Maana yake seva ilihesabu saa za kimataifa, na Kampala iko mbele kwa saa 3. Ombi lile halikufika saa tisa na dakika 42 alasiri. Lilifika saa kumi na mbili na dakika 42 jioni. Daftari la mlinzi wa getini, la karatasi na kalamu, lilionyesha kuwa senga alitoka saa kumi na moja na dakika kumi. Watu watatu walikuwa bado ndani.

Kamati ilimwondolea senga lawama na kumrudishia makato yake. Lakini swali la nani aliyefuta halikujibiwa, na halitajibiwa kamwe. Watu watatu wanafanya kazi pamoja mpaka leo huku kila mmoja akitazamwa kwa jicho la pembeni, na angalau wawili kati yao wanaonewa. Hiyo ndiyo gharama ya batli iliyoandikwa nusunusu.

Baada ya hapo mtengenezaji wa programu aliambiwa aweke batli ya kweli, akamwomba mwenzangu amsaidie. Mimi niliitwa kwa kazi moja: kuandika sentensi. Ndani ya programu yake kulikuwa na mahali pamoja tu palipotoa taarifa kuhusu kufuta, na palisema hivi: “Malipo yamefutwa.” Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Ni kauli ya kutendwa, kiima kipo, kitenzi kipo. Lakini kauli ya kutendwa ina tabia ambayo kila mwanafunzi wa lugha anaijua: inamruhusu mtenda apotee. Gazeti linapoandika kwamba fedha zimeibwa, au mkubwa anaposema makosa yalifanyika, hakuna aliyetajwa. Kwa hiyo nilipendekeza kauli ya kutenda kila mahali pesa zinapoguswa: “Keshia 07 amefuta malipo namba 2218, sababu: yameingizwa mara mbili.” Mtenda, kitendo, kitendwa, sababu. Pakikosekana kimojawapo, programu ikatae kufuta.

Sentensi nzuri inahitaji pa kukaa, na hapo ndipo mipangilio inapoingia. Programu ya zamani ilitumia amri ya kuchapisha moja kwa moja, ambayo kwenye Tomcat ya Linux humwaga kila kitu katika faili moja liitwalo catalina.out. Tomcat yenyewe hailikati faili hilo, nalo hunenepa mpaka diski ijae. Njia iliyo bora ni kutumia SLF4J pamoja na Logback. SLF4J ni kama dirisha la mapokezi: msimbo hukabidhi sentensi yake hapo na kuendelea na kazi. Logback, iliyo nyuma ya dirisha, ndiyo huamua iandikwe wapi na kwa umbo gani, ikifuata faili moja la mipangilio, logback.xml. Ukitaka kubadilisha unabadilisha faili hilo, huna haja ya kugusa msimbo.

Uamuzi wa kwanza ni ngazi. Ziko tano, kutoka ndogo hadi kubwa: TRACE, DEBUG, INFO, WARN na ERROR. Ukichagua INFO, zile mbili za chini zinanyamaza. Ukichagua ERROR, hata habari za kufuta malipo zinanyamaza, kwani kwa mashine kufuta malipo si kosa, ni kazi iliyokwenda vizuri. Uamuzi wa pili ni muda na nafasi. Faili jipya lianze kila siku au likifika megabaiti 10, ya zamani yatunzwe kwa siku 90, na jumla isipite kiasi fulani cha diski. Habari za pesa zilipewa faili lake peke yake na muda mrefu zaidi, na nakala yake huenda kwenye mashine nyingine, maana shahidi anayelala nyumbani kwa mshukiwa si shahidi wa kutegemewa. Uamuzi wa tatu ni saa: kila mstari uonyeshe saa za Kampala pamoja na alama +03, ili asije mtu mwingine akahukumiwa kwa saa za ng’ambo.

Uamuzi wa nne ndio ulionifikirisha zaidi. Jina la keshia halipaswi kuandikwa kwa mkono katika kila sentensi, kwani mwandishi wa msimbo atachoka. Kuna mfuko uitwao MDC: ombi linapoingia, jina la mtumiaji hutiwa mfukoni, na Logback hulibandika kwenye kila mstari wa ombi hilo. Lakini mfuko huo umeshonwa kwenye uzi unaolihudumia ombi, na Tomcat hutumia nyuzi zilezile tena na tena. Ombi likiisha, jina lazima litolewe, hata kama ombi limevunjika katikati. Mwenzangu aliuondoa mstari wa kutoa jina makusudi, kwenye kompyuta yake, ili tuone. Aliingia kama keshia wa kwanza, akaangalia hesabu. Kisha kwenye kivinjari kingine, bila kuingia, akajaribu nywila za uongo mara kadhaa. Baadhi ya majaribio yale yaliandikwa kwa jina la keshia wa kwanza, ambaye hakufanya lolote.

Nilikaa kimya kidogo. Kistari kilichomponza senga kilikuwa angalau kimya cha ukweli: seva haikujua, ikaacha pengo, watu ndio waliolijaza. Hapa batli ingesema jina kamili, kwa hati safi, na ingekuwa inasema uongo. Yule anayeulizwa angebishana vipi?

Batli inaweza pia kusema mengi mno. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu na zisikae kuliko inavyohitajika. Nywila, namba ya kitambulisho cha taifa na salio la mwanachama hazina kazi ndani ya batli. Namba ya malipo inatosha. Na yanayoandikwa humo yaandikwe kama maneno tu, yasitiiwe. Desemba 2021 dunia ilishtuka ilipojulikana kwamba Log4j, maktaba ya batli inayotumika sana katika Java, iliweza kudanganywa: mtu akituma maneno ya namna fulani, hata kwenye kisanduku cha jina, yakafika kwenye batli, Log4j iliyachukua kama amri, ikaenda kuleta msimbo kutoka kwenye mashine ya mgeni na kuuendesha. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Karani aliandika barua aliyosomewa, kisha akaitii.

Mwishoni mwa kazi ile nilimsomea senga mistari michache ya majaribio. Aliniuliza kama wanachama nao wanaweza kuisoma. Nilimjibu kwamba hapana, faili liko kwenye seva. Akasema basi kila keshia apewe nakala ya mistari yake mwenyewe kila jioni kabla hajatoka, aisome na kutia sahihi. Mtengenezaji wa programu alilikubali wazo hilo, na sasa karatasi hiyo huchapishwa kila siku kabla ya saa kumi na moja, kwa kauli ya kutenda.