Kilio kwa Mahjub bin Adam

Kwetu Likasi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mtu mmoja wa ukoo husimama na karatasi mkononi akasoma safari ya marehemu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, mama yake nani, alisoma wapi, alifanya kazi gani, na kama ilikuwa kampuni ya madini ya Gécamines basi ni kiwanda kipi na kwa miaka mingapi. Ugonjwa ulimwanza lini. Ameacha mke na watoto wangapi. Watu hunyamaza. Hata aliyegombana naye husikiliza mpaka mwisho. Nimeona watu maskini sana wakisomewa karatasi hiyo, na sijaona familia iliyosema haina haja nayo.

Mahjub bin Adam Mohamed hakusomewa. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akiwa na miaka 40. Alikuwa mwigizaji wa sinema za Ujerumani, na alikuwa Mswahili wa Dar es Salaam. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Nataka nimsomee karatasi yake kutoka huku Katanga, mbali na bahari aliyozaliwa kando yake, kwa sababu naona ni marehemu wetu, na marehemu wetu hawezi kulala bila kutajwa.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Baba yake alikuwa askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni hilo. Vita vilipozuka mwaka 1914, mtoto aliingia jeshini pamoja na baba yake. Hesabu miaka yake mwenyewe, msomaji, kisha umtazame mtoto wa miaka kumi aliye karibu nawe. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, akatekwa na Waingereza. Alikuwa bado hajafika miaka kumi na minne.

Hapa sisi wa Kongo tuna neno letu. Katika vita hivyohivyo askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, waliongozwa na Jenerali Tombeur kuvuka kwenda mashariki, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaiteka Tabora. Nyuma yao walikuwapo wapagazi maelfu kwa maelfu, na wengi walibaki njiani bila kaburi. Kwa hiyo wazee wetu na wazee wake walirushiana risasi, huku wakisemezana Kiswahili pande zote mbili, kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya ambao hawakuwahi kuonana nao. Simleti Mahjub kilioni kwetu kama mgeni. Ni wa vita vyetu pia.

Baada ya vita alifanya kazi melini. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani akaenda Berlin, na alikwenda kwa jambo moja lililo wazi kabisa: kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao serikali ya Ujerumani haikuwa imewalipa. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje walimjibu kwamba amechelewa. Kila nikifika hapa nasimama. Nimeishi katika mji wa watu waliostaafu kiwandani wakasubiri haki zao mpaka nywele zikawa nyeupe, na najua sura ya mtu anayerudi kutoka ofisi fulani akiwa na bahasha ileile aliyokwenda nayo. Mahjub aliambiwa neno hilo akiwa peke yake, mjini kwa wenyewe, katika lugha aliyojifunza ili awatumikie haohao.

Hakurudi. Alibaki Berlin, akapata kazi ya kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, chini ya Profesa Diedrich Westermann, kwa ujira mdogo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa chansela. Wakati wa kazi na baada ya kazi aliendelea kuwaomba Wajerumani wamtambue kama askari wao wa zamani. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita, wakamnyima. Alivaa sare ya askari kwenye mikutano ya watu waliotamani makoloni yarudi, nao wakapenda kumpiga picha. Pasipoti wakamnyang'anya, akapewa ya mgeni. Mwaka 1935 akaachishwa kazi Haus Vaterland.

Ndipo sinema zilipokuwa mlo wake. Kati ya 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 23. Alikuwamo katika "Die Reiter von Deutsch-Ostafrika" ya mwaka 1934, inayohusu vita vilevile vilivyomjeruhi. Alikuwamo katika "Zu neuen Ufern" ya 1937, ambayo watu waliijazia kumbi ili kumwona Zarah Leander. Mara nyingi kazi yake ilikuwa kupita: abebe mzigo, afungue mlango, asimame kando na sinia. Mwaka 2013 mwanamke mmoja mtengenezaji wa filamu, Eva Knopf, alitoa filamu iitwayo "Majubs Reise". Alizifukua sinema hizo za zamani akamtafuta mtu wa nyuma, yule ambaye kamera ilimpitia tu ikimfuata mkubwa. Ukishaelekezwa hivyo, huwezi tena kuziangalia kama zamani. Nyota anaongea, nawe jicho lako liko nyuma ya bega lake, kwa mtu mwembamba mweusi aliyenyooka kama askari, anayesikiliza maneno ambayo hayamhusu.

Kuigiza kwake kulikuwa na namna mbili. Mbele ya kamera aliigiza mtumishi mwaminifu. Nje ya kamera, katika mji uliokuwa unazidi kumfungia milango, aliigiza pia: askari mtiifu, mtu wa Kaiser, mtu asiye na kinyongo. Naamini aliigiza ili aishi, na nawaonea uchungu wote wanaolazimika kuigiza hivyo mpaka usiku wanapolala. Lakini sitaki kumsafisha kupita kiasi. Mjini humohumo alikuwapo Mkameruni Ludwig M'bebe Mpessa, aliyejulikana kama Louis Brody, mwigizaji wa jukwaani na wa sinema, ambaye mwaka 1930 aliandaa onyesho la jukwaani lililochezwa na Waafrika wenyewe. Huyo alijua njia nyingine ipo. Hata hivyo, utawala wa Hitler ulipokaza kamba, naye aliishia katika filamu zilezile. Mlango uliobaki wazi ulikuwa mmoja, na waliosimama mbele yake wakiwa na njaa ni wengi.

Filamu inayoniumiza ni "Carl Peters", iliyotoka mwaka 1941, ikiongozwa na Herbert Selpin, na Hans Albers akiwa shujaa wake. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa kwamba Peters ndiye aliyewaanzishia Wajerumani koloni la Afrika Mashariki. Huko alipopita watu walimwita Mkono wa Damu. Kule Kilimanjaro aliamuru kijana Mabruk na msichana Jagodja wanyongwe, na hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Utawala wa Hitler ulimrudishia heshima, kisha ukamtengenezea filamu ya kumsifu. Waafrika wa ziada walihitajika ili kujaza vijiji vya uongo studioni, wakaletwa wafungwa wa kivita weusi kutoka makambini. Mahjub alipewa nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: Ramasan, mkalimani na kiongozi wa msafara wa Peters. Safari hii anaongea. Anatazamwa usoni. Mtoto wa askari wa Dar es Salaam ameonekana hatimaye, na ameonekana akimwongoza Mkono wa Damu kuingia nchini mwake.

Tufanye nini na kazi kama hiyo ya marehemu? Wapo watakaosema alijiuza, na sentensi hiyo ni nyepesi mno kumbeba mtu mzima. Kilioni kwetu hatufichi kwamba marehemu alikosea, bali tunasema yote, kisha tunamzika. Filamu ile ni mbaya, inadanganya, na siombi yeyote aiangalie kwa raha. Aliyesimama ndani yake alikuwa binadamu aliyekuwa amebakiwa na uso wake tu wa kuuza. Yote mawili ni kweli, na msiba wake umo humo.

Wakati wa kutengeneza filamu hiyo alihusiana na mwanamke wa Kijerumani. Sheria za utawala ule ziliita jambo hilo kuchafua damu. Gestapo wakamkamata mwaka 1941, hakupelekwa mahakamani, akaingizwa Sachsenhausen. Filamu iliendelea kuonyeshwa. Fikiria watu waliokata tiketi jioni, wakamtazama Ramasan akiwa na bwana wake kwenye pazia kubwa, huku mwenye uso ule yuko nyuma ya waya, si mbali na jiji. Alidumu humo zaidi ya miaka mitatu.

Mwaka huohuo wa 1941, mwezi wa Desemba, mji wetu ukiitwa Jadotville, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma Shituru na Panda wakidai mishahara iongezwe, kwa sababu vita vya Wazungu vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Askari walifyatua risasi. Mgomo ulifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na huko Léonard Mpoyi na wenzake wengi wakauawa. Jina la Mpoyi limebaki. Waliokufa hapa Likasi, nani anaweza kusimama leo akawataja mmoja mmoja? Nimeuliza wazee. Wanasema "watu wa kiwanda", wanakaa kimya.

Ndiyo maana Mahjub hanitoki moyoni. Mwaka 2016 ilitoka filamu kuhusu mji wetu, "The Siege of Jadotville", juu ya wanajeshi wa Irlandi wa Umoja wa Mataifa, zaidi ya 150, waliozingirwa hapa Septemba 1961 wakati Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Ilipigwa Afrika Kusini. Niliitazama nikitafuta barabara ninayoijua, sikuiona. Nilitafuta pia watu wangu. Wapo, tena wengi: wanakimbia, wanapiga risasi, wanaanguka. Wairlandi wana majina, wake na barua za nyumbani. Wakatanga wana kuanguka. Ilitoka miaka sabini na mitano baada ya Ramasan, na nafasi ya kupita nyuma ya mkubwa bado inatafuta mtu wa kuijaza.

Na sisi wenyewe je? Katanga ina historia ndefu ya michezo ya kuigiza kwa Kiswahili. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilichekesha na kufundisha watu kwa miongo kadhaa katika redio na televisheni, na kazi yake ya mwaka 1986 iliingia kitabuni kwa juhudi za Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani. Hao wana bahati. Mjomba wangu aliigiza katika kundi dogo la parokia hapa Likasi. Alikuwa hodari wa kuigiza machifu na mashetani. Alipofariki tulipata picha moja tu: vijana waliopakwa unga usoni, wameshikana mabega, mmoja ana taji la karatasi. Tulimtambua yeye. Waliobaki hakuna aliyewajua, na nyuma ya picha hapakuwa na hata neno moja. Shangazi aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya nyuso zile, akairudisha kwenye bahasha.

Wajerumani waliokuja baadaye, angalau baadhi yao, walijaribu kulipa. Mwaka 2007 mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu kizima cha maisha ya Mahjub. Mwaka huohuo jiwe la kumbukumbu lilitiwa barabarani mbele ya nyumba nambari 193, Brunnenstraße, Berlin, alikoishi. Ni miongoni mwa mawe yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig: kipande cha zege chenye bamba la shaba nyeupe juu yake, sentimita kumi kwa kumi, na herufi zimegongwa kwa mkono moja moja. Upana wake ni kiganja. Mtu wa Likasi anaijua shaba. Tumeichimba, tumeiyeyusha, tumeiona ikipakiwa kwenye treni na malori kwenda kwa wengine. Nafarijika kwamba angalau kiasi kidogo cha madini hayo, popote yalipotoka, kimetumika kushika jina la Mswahili aliyenyimwa mshahara wake.

Lakini jiwe liko Berlin na kitabu ni cha Kijerumani. Kwa Kiswahili, lugha aliyoifundisha ugenini, karatasi ya Mahjub bado ni fupi mno. Watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, wa Nairobi, wa Lubumbashi, mna hadithi hapa ambayo haijasimuliwa kwa lugha ya mwenyewe, na safari hii mwenyewe asimame mbele. Na wewe uliyeko Kikula, Panda au Shituru, mwenye picha ya zamani ya kundi la michezo ndani ya sanduku, itoe leo, mwite mzee aliyekuwapo, andika majina yote nyuma yake, la ukoo na la ubatizo, na mwaka kama anaukumbuka.