Kamba Waliokufa Katika Tangi la Kioo

Mimi hufuga nyumbani kamba wadogo wa maji baridi, ndani ya tangi la kioo. Hivi karibuni walianza kufa: leo watatu, kesho watano, wala hawakuwa na jeraha. Nyumbani wakamshuku mpwa wangu, mtoto wa miaka minane, kwamba ametia sumu majini. Alikana huku akilia. Mimi mwalimu, sipendi hukumu isiyo na ushahidi.

Nikachunguza. Samaki walikuwa wazima, lakini konokono nao walikufa. Ndipo nikalikumbuka bomba letu jipya: ni la shaba! Maji yakilala ndani yake usiku kucha huyeyusha shaba kidogo. Samaki wengi huistahimili, kamba na konokono hawawezi. Tena ajabu ni hii: damu ya kamba yenyewe ina shaba, kama yetu ilivyo na chuma. Ikiwa kidogo humpa uhai, ikizidi humwua.

Sasa kila asubuhi twayaacha maji yatiririke kwanza (ndoo ile ni ya kufulia), ndipo twakinga ya tangi, tukibadili machache machache. Vifo vimekoma. Wamesalia kamba sita, na mpwa wangu ndiye anayewahesabu.